Kijerumani: Anayejua ngeli asiogope der, die, das

Na Mwandishi Wetu, Kibaha

MUUGUZI aliyehitimu chuo na kufanya kazi wodini kwa miaka kadhaa hujua vyema namna ya kupima shinikizo la damu, kufunga kidonda na kumpokea mgonjwa wa dharura. Hata hivyo, akitaka kuifanya kazi hiyo hiyo nchini Ujerumani, hukutana na kikwazo ambacho hakimo katika kitabu chochote cha uuguzi: vineno vitatu vifupi, der, die na das.

Vineno hivyo hutangulia nomino za Kijerumani na kutaja jinsia ya kila moja. Meza, der Tisch, ni ya kiume. Taa, die Lampe, ni ya kike. Kitabu, das Buch, hakiko upande wowote. Hakuna anayeweza kuitazama meza na kuona uume wake, wala kuitazama taa na kuona uke wake. Anayejifunza hulazimika kuyakariri hayo yote, na wengi huvunjika moyo mapema.

Suala hili si la kujifurahisha tu. Tangu Agosti 28, 2007, sheria ya Ujerumani humtaka mke au mume anayemfuata mwenzi wake nchini humo aonyeshe kuwa anajua Kijerumani cha ngazi ya A1, isipokuwa kwa makundi yaliyosamehewa. Anayekwenda kujifunza kazi kwa mafunzo ya vitendo, uuguzi ukiwamo, kwa kawaida huhitaji B1. Muuguzi mwenye cheti cha nyumbani anayetaka kitambuliwe huko, kwa kawaida huhitaji B2.

Kwa mkazi wa Kibaha au Kisarawe, mtihani unaotambuliwa hufanyikia Dar es Salaam, katika taasisi ya Goethe-Institut iliyoko Upanga. Mtihani wa A1 una sehemu nne, yaani kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, na anayefaulu ni yule anayepata angalau alama 60 kati ya 100. Kurudia kuna gharama: ada, nauli, na siku za kazi zinazopotea.

Katika ngazi ya A1, msahihishaji huangalia zaidi kama ujumbe umefika, na kukosea der au das peke yake hakumwangushi mtu. Lakini makosa yaliyoachwa hapo hayaondoki yenyewe. Ngazi zinapopanda, huenea katika vivumishi, viwakilishi na vihusishi, hadi sentensi nzima inalegea.

Pamoja na hayo, Mtanzania ana hazina ambayo mara nyingi haitumii. Anayezungumza Kiswahili tayari anao mfumo wa kuzigawa nomino katika makundi, nao una makundi mengi kuliko ya Kijerumani. Mfumo huo ni ngeli.

NENO JINSIA LINAPOTOSHA

Tatizo la kwanza liko katika jina. Wanasarufi husema nomino za Kijerumani zina jinsia tatu: ya kiume, ya kike na isiyo na upande. Msomaji akisikia neno jinsia hufikiri juu ya mwanamume na mwanamke, kisha huanza kutafuta sababu kwa nini taa iwe ya kike. Sababu hiyo haipo.

Mfano mzuri uko mezani. Kijiko ni der Löffel, uma ni die Gabel, kisu ni das Messer. Vitu vitatu vinavyolala kando ya sahani moja vina jinsia tatu. Mwandishi wa Marekani, Mark Twain, aliandika mwaka 1880 makala ndefu ya kuidhihaki lugha hii, na suala la jinsia lilikuwa miongoni mwa yaliyomkera zaidi.

Lakini Mswahili hana sababu ya kushangaa sana. Kwake, kijiko na kisu viko katika ngeli ya KI-VI, ilhali uma uko katika ngeli ya U-ZI. Hakuna mzazi wa Kisarawe anayemweleza mtoto wake kwa nini uma haukuitwa kiuma. Mtoto hukua akisema "kisu kimepotea" na "uma umepotea", na hakosei.

Kwa hiyo ni bora kuziita jinsia za Kijerumani ngeli tatu: ngeli ya der, ngeli ya die na ngeli ya das. Jina hilo humwondolea mwanafunzi swali lisilo na jibu, na kumwachia kazi inayowezekana.

Ulinganisho huu una historia. Aliyeeneza jina "Bantu" kwa familia ya lugha zetu katika karne ya 19 alikuwa mwanaisimu wa Kijerumani, Wilhelm Bleek. Mwenzake, Carl Meinhof, aliuendeleza utaratibu wa kuzipa ngeli nambari ambao wanaisimu wanautumia hadi leo. Na Mswahili wa Mkoa huu wa Pwani, Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, alikuwa akiwafundisha Wajerumani Kiswahili mjini Berlin kuanzia mwaka 1900, katika Seminari ya Lugha za Mashariki iliyofunguliwa mwaka 1887. Wanafunzi wake walilazimika kuzishika ngeli zetu, kama vijana wa leo wanavyolazimika kuzishika zao.

ALAMA IKO WAPI?

Tofauti kubwa kati ya mifumo hii miwili ni mahali alama inapokaa. Katika Kiswahili, mara nyingi nomino hubeba alama yake yenyewe. Anayesikia "kitanda" au "kikombe" kwa mara ya kwanza hubashiri mara moja kuwa wingi ni "vitanda" na "vikombe". Katika Kijerumani, nomino nyingi hazibebi alama yoyote inayoonekana. Tisch, Buch na Hand ni maneno mafupi yasiyosema chochote. Alama imekaa nje, katika kineno kinachotangulia.

Hapo ndipo kosa la wengi linapoanzia. Mwanafunzi huandika daftarini "Tisch: meza" na kuendelea. Ameandika nusu ya neno. Ni sawa na mgeni anayejifunza Kiswahili na kuandika "tanda" bila ki-. Neno kamili ni der Tisch, na wingi wake ni die Tische.

Tofauti ya pili inahusu maana na umbo. Katika Kiswahili, kiumbe chenye uhai huchukua upatanisho wa A-WA hata kama umbo lake ni la KI-VI. Husemwa "kifaru amekufa", si "kifaru kimekufa". Husemwa "kijana amefika" na "kiongozi amefika". Maana imelishinda umbo.

Kijerumani mara nyingi huenda kinyume. Msichana ni das Mädchen, ngeli isiyo na upande, kwa sababu neno hilo huishia na -chen, kiambishi cha kudogosha, na kila neno lenye kiambishi hicho huwa das. Mtu, akiwa mwanamume au mwanamke, ni die Person. Umbo limeishinda maana. Anayeikumbuka tofauti hii hatashangazwa tena na msichana asiye na jinsia.

Kuna pia maneno ambayo ngeli yake hubadili maana. Der See ni ziwa, lakini die See ni bahari. Ziwa Victoria ni der Viktoriasee, ilhali Bahari ya Baltiki ni die Ostsee. Der Leiter ni kiongozi, die Leiter ni ngazi ya kupandia. Mswahili anao mfano wake: "ndege ametua" ni wa mtini, "ndege imetua" ni ya uwanjani. Neno ni lile lile, upatanisho ndio unaotofautisha.

KIINGEREZA HAKISAIDII HAPA

Wanafunzi wengi wa Kitanzania hujifunza Kijerumani kwa vitabu na maelezo ya Kiingereza. Kwa msamiati ni msaada, maana lugha hizo mbili ni ndugu. Kwa suala la ngeli ni hasara. Kiingereza kina kineno kimoja tu, the, kwa nomino zote, na kila kitu kisicho na uhai huitwa it.

Kijerumani hakifanyi hivyo. Meza ikivunjika, Mjerumani huitaja kwa er. Taa ikivunjika, huitaja kwa sie. Gari likiharibika, kwa kuwa ni das Auto, hulitaja kwa es. Kwa anayefikiri kwa Kiingereza huu ni mzigo mpya. Kwa anayefikiri kwa Kiswahili ni jambo la kila siku: meza imevunjika, kiti kimevunjika, gari limeharibika.

Vivumishi navyo ni hivyo hivyo. Waswahili husema mti mzuri, kiti kizuri, meza nzuri. Wajerumani husema ein guter Tisch, eine gute Lampe, ein gutes Buch. Miisho -er, -e na -es ni mwangwi wa der, die na das. Mwalimu wa Kiswahili huliita jambo hili upatanisho wa kisarufi, na mwanafunzi aliyemaliza kidato cha nne ameshalifanyia mtihani.

Yako maeneo mawili ambayo Kiswahili nacho hakisaidii. La kwanza ni vibainishi vyenyewe. Kiswahili hakina kineno cha lazima mbele ya nomino. "Nina kitabu" yatosha. Kijerumani hudai Ich habe ein Buch, na anayetafsiri neno kwa neno hukiacha kineno hicho. La pili ni "yeye". Kwetu neno hilo ni la mwanamume na la mwanamke. Mjerumani hutenganisha er na sie, na kumwita mgonjwa wa kike er ni kosa linalosikika mara moja.

USO MMOJA, NGELI TATU

Anayesomea uuguzi anaweza kuanzia na mwili wa binadamu. Jicho ni das Auge, sikio ni das Ohr, pua ni die Nase, mdomo ni der Mund. Kwa bahati, uso huu unalingana na ngeli zetu: jicho na sikio ziko pamoja katika LI-YA, pua iko katika I-ZI, mdomo uko katika U-I.

Lakini hiyo ni bahati tu, wala isigeuzwe kanuni. Jino nalo ni la LI-YA, ila Kijerumani ni der Zahn. Mkono na mguu kwetu ni ngeli moja, kwao ni der Arm na das Bein. Aidha, Mswahili akisema mkono anaweza kumaanisha sehemu yote kuanzia begani. Mjerumani hutenganisha: der Arm ni mkono wote, die Hand ni kuanzia kifundo hadi vidole. Wodini, tofauti hiyo ina uzito.

MIISHO INAYOTOA SIRI

Ingawa nomino nyingi fupi hazina alama, zipo nyingi ndefu zinazojitambulisha kwa mwisho wake. Hapa mwanafunzi hupata nafuu kubwa.

Zinazoishia na -ung, -heit, -keit, -schaft na -tät ni die: die Zeitung, gazeti, die Krankheit, ugonjwa, die Universität, chuo kikuu. Zinazoishia na -chen na -lein ni das. Zinazoishia na -ling na -ismus ni der, na der Lehrling, mwanagenzi, ni mfano. Nyingi zinazoishia na -e ni die, kama die Schule na die Straße, ingawa der Name, jina, na das Auge ni miongoni mwa zinazokiuka.

Kitenzi kinapogeuzwa nomino huwa das bila ubaguzi: das Lernen, kujifunza, das Essen, kula au chakula. Mswahili ataitambua hapo ngeli yake ya KU, ambayo kazi yake ni hiyo hiyo.

Siku na miezi ni der. Mito mingi ya nje ya Ulaya pia ni der, kama der Nil na der Rufiji. Kilimanjaro ni der Kilimandscharo. Neno letu "safari", lililoingia katika Kijerumani, wamelipa die.

Maneno yaliyoenda njia ya pili, kutoka kwao kuja kwetu, yaliviacha vineno vyao njiani. Die Schule ikawa shule. Der Heller, sarafu ya koloni iliyoanzishwa mwaka 1904 ambapo rupia moja ilikuwa sawa na heller 100, ikawa hela. Kwao ni ngeli mbili. Kwetu zote zimeingia I-ZI.

NENO REFU HUAMULIWA NA MKIA

Kijerumani kinasifika kwa maneno marefu yaliyounganishwa. Kanuni yake ni moja: sehemu ya mwisho ndiyo inayotoa ngeli kwa neno zima.

Kisarawe ina mfano wake. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin walipofungua kituo chao katika vilima vya Kisarawe mwaka 1892, walikiita Hoffnungshöhe. Die Hoffnung ni tumaini, na mwisho wake -ung umekwisha kutoa siri. Die Höhe ni kilima au mahali pa juu. Kwa kuwa mkia ni Höhe, neno zima ni die Hoffnungshöhe, Kilima cha Tumaini.

Kibaha nayo ina wake. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Morogoro mwaka 1907, hupita Soga na Ruvu. Chuma ni das Eisen, njia ni die Bahn, na reli ni die Eisenbahn. Lakini stesheni ni der Bahnhof, maana mkia wake ni der Hof, uwanja. Hospitali ni das Krankenhaus kwa sababu nyumba ni das Haus. Shinikizo la damu ni der Blutdruck kwa sababu shinikizo ni der Druck. Anayejua mikia michache hujua ngeli za mamia ya maneno.

VINENO HUBADILIKA

Anayefikiri kazi imekwisha hapo hukutana na mtihani mwingine. Vineno hivi hubadilika kulingana na kazi ya nomino katika sentensi. Mwalimu anamtafuta mwanafunzi ni Der Lehrer sucht den Schüler. Anayetenda ni der, anayetendwa amekuwa den. Ukisema Den Lehrer sucht der Schüler, mwalimu ametangulia bado, lakini maana imegeuka: mwanafunzi ndiye anayemtafuta mwalimu. Katika Kiswahili mpangilio wa maneno ndio unaotuambia nani anatenda. Katika Kijerumani kineno ndicho kinachosema.

Katika hali hii ya kutendwa, die na das hazibadiliki. Ni der peke yake inayogeuka den. Mabadiliko mengine huja baada ya vihusishi kama mit: kwa basi ni mit dem Bus, kwa treni ni mit der Bahn. Mwanafunzi aangalie hapo. Bahn haijageuka kuwa ya kiume, bali die imekuwa der. Asiyeijua ngeli ya asili hatajua alichokiona.

Katika wingi kuna nafuu. Ngeli zote tatu hukutana na kuwa die: die Tische, die Lampen, die Bücher. Mswahili hubadili upatanisho hata katika wingi, viti hivi na meza hizi. Mjerumani hana kazi hiyo. Kilichobaki kwake ni umbo la wingi lenyewe, ambalo hutofautiana na lazima likaririwe.

NAMNA YA KUJIFUNZA

Kanuni ya kwanza ni kuandika mambo matatu kwa kila nomino: kineno, umoja na wingi. Das Kind, die Kinder. Der Arzt, die Ärzte. Neno lisilo na kineno lisiingie daftarini. Kwa kuwa nomino zote za Kijerumani huandikwa kwa herufi kubwa mwanzoni, hata anayesoma gazeti anaweza kuzitambua na kuzikusanya.

Ya pili ni kukariri kwa der, die na das, si kwa ein na eine. Ein Tisch na ein Buch hufanana, na tofauti ya ngeli hufichika.

Ya tatu ni rangi. Kalamu ya buluu kwa der, nyekundu kwa die, kijani kwa das, ili jicho lisaidie pale kumbukumbu inapochoka. Rangi zenyewe si muhimu, muhimu ni kutozibadili.

Ya nne ni kutamka kwa sauti na katika sentensi. Hakuna Mswahili aliyejifunza ngeli kwa jedwali. Alizisikia nyumbani, sokoni na kisimani, hadi "kiti imevunjika" ikaanza kumkera sikioni. Sikio la Kijerumani nalo hujengwa hivyo, kwa kuambatanisha kila nomino na jirani zake: Die Lampe ist neu. Sie ist gut.

Ya tano ni kutofadhaika kwa yasiyo na uhakika, kwani wenyewe hawakubaliani katika kila neno. Mtindi huitwa der Joghurt au das Joghurt, na barua pepe, ambayo Ujerumani ni die E-Mail, Austria na Uswisi husikika pia kama das.

Maneno kumi kwa siku, kila moja na kineno chake, ni maneno 300 kwa mwezi. Mkazi wa Kibaha anayepanda daladala kwenda mjini, au wa Kisarawe anayeteremka kupitia Pugu, anayo nafasi ya kutosha njiani kuyarudia. Atakapofika kwenye chumba cha mtihani, der, die na das zitakuwa zimekwisha kuzoeleka kama ngeli alizozikuta nyumbani.